Ua la Akiba

Dada yangu hutengeneza maua ya kuvaa kifuani harusini, na mikono yake haina mpinzani. Ni kipaji cha ukoo. Mwenye shaka anitazame mimi. Kila harusi huongeza moja la akiba. Likikosa mvaaji, hurudi nalo chumbani kwake, akalitia kwenye glasi ya maji, wakabaki wakitazamana.

Jana nilimkuta nyuma ya ukumbi, kalishika.

"Si ulivae tu, dada?"

"Ua hili mtu huvalishwa, kaka. Mimi anivalishe nani?"

"Na mtanashati nipo!" Nikalibandika, pini ikamchoma.

"Mzembe wewe! Limekaa upande."

Maua ya wageni wote huyanyoosha yeye. Hilo lake hakuligusa, hadi ukumbi ukafagiliwa.