Mkono Ambao Mama Hakuutoa

Shemeji yangu alipotangaza kwamba anagombea uwakilishi wa wadi, mimi nilikuwa Lumakanda nikipakia mahindi kwenye malori, wala sikuwa na mpango wa kurudi kwetu Musanda. Mimi si mtu wa kukaa. Tangu nimalize kidato cha nne nimeishi Matete, Eldoret, Mombasa, kisha Matete tena, halafu Lumakanda. Kokote niliko huota miwa ya nyumbani, na nikifika nyumbani huichoka kabla wiki haijaisha. Lakini dada yangu alinipigia simu. "Njoo," akasema. "Watu wa kanisa la mama wanasema mume wangu hafai kwa sababu anaswali." Nikaondoka siku hiyo hiyo.

Shemeji ni Mwislamu wa Mumias. Dada alipoolewa naye alisilimu, na mama akalia msimu mzima. Kisha wajukuu wakazaliwa, kilio kikaisha. Kijijini kwetu shemeji anajulikana na kila sufuria. Kukiwa na matanga, hata ya mzee wa kanisa, yeye ndiye huitwa kuchinja ng'ombe, ili wageni wa msikiti na wa kanisa wale nyama moja. Hakuna aliyewahi kuuliza kisu chake kinasali wapi. Alipotaka kiti ndipo maswali yakaanza. Sokoni mzee mmoja aliniambia kwamba shemeji akishinda, nguruwe watafukuzwa wadi nzima.

"Kwani wewe una nguruwe?" nikamuuliza.

"Sina. Lakini naweza kununua."

Nyumbani nilikuta bango la shemeji, amevaa kofia yake nyeupe, limepigiliwa kwenye ukuta wa nje wa jikoni, limeelekea barabara ya kwenda kanisani. Nikamuuliza mama kwa nini hakuliweka ndani, mvua isilifikie. Akanitazama kama mtu aliyepotea.

"Nikule chakula mkwe wangu akiniangalia?"

Nilikuwa nimesahau. Kwetu, mama na mume wa binti yake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mama huingia kando kwenye miwa mpaka mkwe apite. Hiyo si chuki. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo, na mtoto wa kwetu huijua kabla hajajua kusoma.

Jumapili shemeji alikuja kanisani, kama walivyofanya wagombea wote. Alivua viatu mlangoni kwa mazoea, watu wakacheka, akavivaa tena akicheka nao. Alipopewa nafasi ya kusalimu hakusema "Bwana asifiwe". Alisema, "Mulembe," salamu yetu sote ya amani, na kanisa zima likajibu, "Mulembe!" kabla halijakumbuka kwamba limemkasirikia.

Shida ilikuja mwisho wa ibada. Kanisani kwetu watu hutoka wakiimba. Wa kwanza husimama nje, wa pili humsalimu na kusimama kando yake, hivyo hivyo mpaka mstari unazunguka uwanja na kila mtu amempa kila mtu mkono. Shemeji alipomkaribia mama, mama aliingiza mikono chini ya leso, akainamisha macho. Shemeji naye akageuza uso kuelekea barabarani, akamruka, akamsalimu mama aliyefuata. Walifanya vizuri, kama watu waliolelewa. Nilijivunia wote wawili.

Lakini Pasta aliona. Yeye si wa huku. Alikuwa ameletwa na kanisa kutoka mbali, na hakuwa amekaa sana. Jumapili iliyofuata alihubiri kuhusu kujitenga na wasioamini, na katikati ya mahubiri akanyoosha mkono kwenye benchi la akina mama.

"Mlimwona mama yetu huyu! Mkwe wake mwenyewe, akamnyima mkono mbele ya kanisa. Roho alimwonyesha. Sasa kama mama mkwe amemnyima mkono, wewe utampaje kura?"

Pasta ningeweza kumsamehe. Ambao nimeshindwa kuwasamehe hadi leo ni wale wa kwenye mabenchi. Kila mtu mle ndani alijua. Niliona mabega ya wazee yakitikisika kwa kicheko walichokizuia. Kisha mmoja akasema, "Amina," na wengine wakamfuata, kwa sababu uongo ule uliwafaa. Walikuwa wakitafuta sababu, sasa imewaangukia kutoka madhabahuni, wataikataaje?

Neno likapanda bodaboda. Kila kituo nilichopita nililikuta limefika kabla yangu. "Huyo? Hata mama ya bibi yake hamsalimianga!" Ubaya ni kwamba lilikuwa kweli.

Nikamwambia mama, "Kesho kutwa kuna mkutano sokoni. Mpe mkono mara moja tu, watu waone, maneno yaishe."

Alikuwa anasonga obusuma. Mwiko ukasimama.

"Unataka nimvue mkwe wangu nguo sokoni ndio apate kura?"

"Mama, ni mkono tu."

"Umetembea sana wewe. Umetembea mpaka mkono kwako ni mkono tu."

Nikampigia shemeji, nikidhani yeye atanielewa. Alikasirika kuliko mama. "Shemeji, mwambie mama asithubutu. Heri nishindwe."

Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi, wakati wa ushuhuda, mama alisimama akiwa na sare yake ya akina mama wa kanisa, kitambaa amekikaza kichwani. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na mlango.

"Kuna mama hapa amewahi kumpa mkwe wake mkono?" akauliza. "Asimame tumwone."

Akina mama wakainamia leso zao.

"Asimame. Tunataka kumjua."

Jirani yetu mmoja akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa leso.

"Amina, mama, tunashukuru," Pasta akasema. "Tuendelee na wimbo."

"Sijamaliza, Pasta. Wewe ni mgeni, hukuambiwa. Wewe nimekusamehe. Lakini hawa walijua, na wakasema Amina." Akageukia mabenchi. "Sikumnyima yule kijana mkono kwa sababu ya msikiti. Nilimnyima kwa sababu ni mkwe wangu. Siku mtaniona nimemshika mkono, mjue nimemtupa. Mnakulanga nyama aliyochinja kwa kila matanga, mnalamba vidole. Kama hamumtaki, semeni hamumtaki. Msiseme kwa mkono wangu."

Akaketi. Hakuna aliyesema Amina.

Shemeji alishindwa. Hata kwenye kituo chetu, pale shule ya msingi, alishindwa. Sitadanganya kwamba maneno ya mama yaligeuza mioyo. Wengi walipiga kura kama walivyokuwa wamekusudia tangu walipoiona ile kofia. Lakini baada ya Jumapili ile hakuna aliyetaja tena mkono wa mama, si kanisani, si kwenye bodaboda. Aliyemkataa shemeji alimkataa kwa uso wake mwenyewe, na akikutana nasi alijua kwamba tunajua.

Shemeji alipokuja nyumbani kushukuru, mama alihamia chumba cha ndani, akaacha mlango wazi kidogo. Mimi nikaketi katikati.

"Mwambie pole," mama akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Mama anasema pole."

"Mwambie nimeshapoa," shemeji akasema akiutazama ukuta. "Na umuulize kama nitoe lile bango la jikoni. Uchaguzi umeisha, lisije likamletea maneno."

Nikafungua mdomo nifikishe ujumbe, lakini mama hakunisubiri.

"Mwambie asiliguse! Wale watu wanapitanga hapo kila Jumapili. Wakienda kusali, wapite wakimwona."

Shemeji akacheka mpaka kofia ikamdondoka, uso wake ukiwa bado umeelekea ukutani.