Maji Hufuata Mkondo

Mimi nina mdomo. Walimu wenzangu wamekuwa wakiniambia miaka nenda miaka rudi kwamba mdomo wangu utanizika, nami huwajibu kwamba heri nizikwe na wangu kuliko wa jirani. Nayasema haya mapema ili anayesoma asije akamtafuta mwalimu mwema humu ndani. Hayupo.

Mwaka gredi ya kumi ya mtaala mpya ilipoanza, shule yetu ya kutwa, mwendo wa miguu kutoka mtaa wa Shauri Moyo, ilikuwa na chumba kimoja kitupu nyuma ya choo cha walimu. Kimoja tu. Kingeweza kuwa maabara, watoto wasome fizikia na kemia sawasawa, au kingeweza kuwa chumba cha ushonaji. Vyote viwili havingewezekana. Huwezi kuweka tindikali kando ya vitambaa. Mkuu wa shule alisema tuunde kamati ichunguze, iandike ripoti, halafu wazazi waitwe waambiwe. Mimi nikafanywa katibu kwa sababu ndimi niliyejua kupiga taipu bila kutafuta herufi moja moja.

Nafundisha sayansikimu na ushonaji. Tia hilo akilini.

Siku hizohizo nilikuwa nasomea shahada, Jumamosi na likizo. Mhadhiri alikuwa ametupa kazi ya kuandika: changanua mambo yanayoathiri upangaji wa mtaala shuleni. Niliyajua kwa moyo, mahitaji ya jamii, uwezo wa mwanafunzi, walimu waliopo, vifaa, uchumi, utamaduni, siasa. Nikasema, ala, kwani nihangaike mara mbili? Ripoti ya kamati na kazi ya chuo nikaziandika pamoja, alasiri moja, ofisini, huku natafuna mahindi ya kuchoma.

Penye mahitaji ya jamii niliandika kwamba shule iko kati ya soko la mitumba la Gikomba na viwanda vya Industrial Area, kwamba wazazi wetu ni wachuuzi, mafundi na vibarua, kwamba mtaala mzuri huzingatia mazingira ya mtoto, na kwa hivyo mtoto wa hapa anahitaji cherehani. Penye walimu niliandika kwamba mwalimu wa ushonaji yupo na ana uzoefu. Nilichonyamazia ni kwamba chumba kikiwa maabara, somo langu lingefutwa na mimi ningepewa barua ya uhamisho, pengine mpaka mahali ambapo hata sijui kuwaamkia watu wake. Nilikuwa na nyumba yangu Buruburu. Nilikuwa na binti katika shule nzuri ya bweni, anasoma sayansi. Hofu ya uhamisho haikuwa kwenye orodha ya mhadhiri, lakini haki ya Mungu ndiyo iliyopanga mtaala wa shule ile. Hayo mengine nilitia kama dhania juu ya mchuzi.

Katika gredi ya kumi kulikuwa na msichana mmoja mwembamba, mrefu, aliyechagua fizikia na kemia akazipenda hata kwa chaki tupu, bila chombo hata kimoja cha kushika. Alitaka kutengeneza dawa. Ukimuuliza kama ni kuuza dawa dukani anakurekebisha, la, kutengeneza. Shule nyingine zenye maabara alizoweza kupata zilikuwa za bweni, na karo ya bweni baba yake hangeiweza. Kwetu ndiko pekee miguu yake ilikoweza kumfikisha. Chumba kile kikimkosa, sayansi imemkosa.

Alisikia fununu, akaja akasimama mlangoni pa ofisi ya walimu.

"Madam, tafadhali. Hata kama ni kemia peke yake. Chumba tutakiosha wenyewe, tukipake na rangi."

"Kemia ya nini?"

"Nataka kutengeneza dawa, madam."

"Dawa!" nikasema, kwa sauti ya kuhakikisha ofisi nzima imesikia. "Kwenu hata tembe moja ya kichwa mnagawana nusu nusu, halafu ati wewe utengeneze dawa. Dawa ya kumpa nani?"

Walimu walicheka. Naye akacheka kidogo, kile kicheko cha mtoto anayemwomba mkubwa asiongeze. Nikaongeza. Nilimwambia asiyejua kuosha soksi zake asiniletee habari za kemia, na kweli soksi zake zilikuwa na vumbi la njia. Nilijua pa kumgusa mtu paume. Ni kipawa, kama wengine wanavyojua kuimba.

Siku ya mkutano wazazi walikuja wachache. Baba wa yule msichana alikuja na ovaroli ya kazi, akakaa kiti cha mbele kabisa. Alikuwa mtu wa magharibi ya nchi, mpole, mwenye mikono iliyopasuka kila kidole. Nilisoma ripoti yangu vizuri, sauti juu, sauti chini. Nilipomaliza akainua mkono kama mwanafunzi.

"Madam, asante. Mimi ni kibarua huko Industrial Area. Kila asubuhi nasimama kwa geti. Yule msimamizi akija anaangalia mikono. Ukiwa na mikono mizuri unaingia. Kichwa hakuna mtu anaangalia. Leo sikusimama, nimekuja hapa. Nilikuwa nataka huyu msichana, siku moja, mtu amwangalie kichwa."

Niliwaona wazazi wawili watatu wakitikisa vichwa kumuunga mkono, na Mkuu akakuna shingo yake, na nikajua kwamba hapo ndipo naweza kushindwa. Nikaogopa. Nami nikiogopa, mdomo ndio hutangulia.

"Mzee," nikasema, "hata wahenga walishajua. Maji hufuata mkondo."

Sasa, kwetu mkondo ndilo neno tunalotumia: mkondo wa sayansi, mkondo wa sanaa. Kila mzazi alikuwa amejaza fomu ya mkondo. Wakaelewa mara mbili kwa mpigo mmoja, na kicheko kikalipuka mpaka Mkuu akajifuta macho. Mama mmoja wa mitumba akapiga makofi, "Wewe madam, wewe!" Baba yule alingoja tuishe. Hakukasirika. Aliniuliza kama mtu anayeulizia njia.

"Na wako, madam, atashona?"

"Tusilete mambo ya nyumbani hapa," Mkuu akaingilia. "Wanaokubaliana na ripoti?"

Mikono ikainuka. Yake ilibaki mapajani. Nakumbuka nilifurahi, sitasema uongo, nilitembea kwenda nyumbani nikiimba pambio.

Cherehani zililetwa. Fizikia na kemia zikafutwa kwenye ratiba, na wasichana wakakibatiza chumba kile Gikomba Ndogo. Kazi yangu ya chuo ilirudi na A. Penye aya ya yule msichana na baba yake, maana niliwaongeza humo baada ya mkutano, bila majina, kuonyesha pengo kati ya ndoto za mzazi na mazingira, mhadhiri alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Mfano hai. Safi sana." Niliwaonyesha walimu wenzangu.

Na yule msichana akashona. Akashona vizuri kuliko wote, jambo lililonikera, kwa sababu kila alichokishika alikiweza, na mimi nilikuwa nikitamani ashindwe na kitu ili nipumue. Alikata bila kupoteza kitambaa. Akawa haniulizi chochote.

Mwaka uliofuata binti yangu alipiga simu kutoka bwenini, koti lake jeupe la maabara limembana, anataka jingine. Nikasema kwani nina cherehani za nini? Nikanunua kitambaa, nikampelekea yule msichana. Hakuna mwingine ningemwamini.

"Vipimo, madam?" akaniuliza.

"Ah, vipimo. Ni msichana kama wewe. Umri huohuo, urefu huohuo. Fanya haraka."

Siku mbili baadaye nilipita wakati wa chakula cha mchana. Wenzake walikuwa uwanjani. Nilimkuta amesimama peke yake kati ya cherehani, amelivaa lile koti, amefunga vifungo vyote hadi shingoni. Lilimkaa barabara, mabegani, mikononi, kila mahali. Alikuwa amenyoosha mikono mbele, juu ya meza, akiitazama inavyotoka kwenye ule weupe. Mtu yeyote aliyeingia angedhani ni daktari.

Aibu ilinishika. Najua ilikuwa aibu. Lakini mimi aibu sijui kuitoa kwa njia nyingine.

"Vua!" nikafoka. "Vua hilo koti, utalichafua. Hilo ni la mtu wa maabara."

Alianza kufungua vifungo, kimoja kimoja, kutoka juu. Hakulia. Alilikunja, akalilaza mezani, akaling'oa uzi mmoja uliobaki kwenye ukosi.

"Nilikuwa napima, madam," akasema. "Si ulisema yeye ni kama mimi?"