Mama Alinenepa Mwaka wa Njaa

Mama yangu alikuwa mwembamba, tena mtu wa haraka. Ukitaka kumjua kabla ya ule mwaka, mfikirie kwenye shamba la mpunga, mwendo mfupi kutoka Garsen, maji ya mto yamekwisha kurudi nyuma na tope bado ni laini. Leso ameifunga kiunoni, yuko mbele ya wanawake wenzake hatua ishirini, na anawapigia kelele wafanye hima. Mimi nilikuwa nyuma kabisa nikinung'unika. Sikupenda tope, sikupenda mbu, sikupenda kuamshwa alfajiri kwenda kufukuza ndege. Siku hizi nakaa Hola, kazi yangu ni ya ofisini kwenye kiti kinachozunguka, na nikisikia harufu ya mpunga mpya sokoni nasimama pale hadi muuzaji aniulize nataka kilo ngapi.

Wali wa kwanza wa msimu mama aliupika kwa nazi, na kambare wa kukausha pembeni. Watoto wa jirani walifika bila kuitwa. Aliumwaga wali kwenye sinia, akachora mistari kwa ukingo wa mwiko, kila mtoto na fungu lake, na hapakuwa na mtoto aliyelalamika kwamba la mwenzake ni kubwa. Jirani yetu, rika la mama, ambaye mashamba yao yalipakana tangu wakiwa wasichana, alizoea kusema, "Akigawa huyu, hakuna kesi." Mama alijifanya hakusikia, lakini nilimwona akitabasamu. Hilo ndilo lililokuwa jina lake kijijini, na alilipenda kuliko kitu chochote tulichokuwa nacho.

Kisha mto ukatukatalia. Misimu miwili maji hayakupanda mashambani, na kijito kilichotuletea maji kikakauka mpaka tukawa tunavuka kwa viatu. Mahindi yaliungua yakiwa kimo cha goti. Lori la chakula cha msaada lilipofika, wanawake walikutana nje ya kanisa kuamua nani atunze magunia na kupima. Haikuchukua muda. Nyumba yetu ilikuwa na sakafu ya saruji na mlango wa maana, na mama alikuwa mama.

Kila Alhamisi walikuja na mabakuli. Mama alijaza kibaba, akakisawazisha kwa kijiti, akamimina, akamwita anayefuata. Sisi tulipimiwa mwisho, mbele ya macho ya wote, na kuna wiki ambazo kilichobaki kilikuwa punje chache na vumbi la gunia. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, niko nyumbani sina kazi, nina njaa na hasira. Nilimwambia siku moja, "Mama, si utupimie kwanza sisi?" Alinitazama mpaka nikatoka nje mwenyewe.

Mwili wake ulianza kubadilika hapo hapo, katikati ya njaa. Uso ulitangulia. Asubuhi aliamka na kope zimejaa, mashavu yamejaa. Kisha mikono, kisha blauzi yake ya kanisani ikachanika kwapani. Kijiji kizima kilikuwa kinapungua. Watoto mifupa ya mabega ilionekana, na suti ya mchungaji ilikuwa imebaki na nafasi ya mtu wa pili. Mama peke yake alikuwa anaongezeka.

Kwetu kunenepa hakujawahi kuwa tusi. Miaka mizuri, msichana aliyeolewa akirudi kutembea akiwa amejaza mwili, wanawake walimpigia vigelegele: umependeza, umenawiri, mume anakulisha. Kunenepa maana yake unakula, na kula maana yake unacho. Hatukuwa na maana nyingine, na hatukuitafuta. Basi mwaka wa njaa, mwanamke anayelala nyumba moja na magunia alipoanza kunenepa, kila mtu alijua la kufikiri.

Na mlango je? Mama alikuwa ameanza kujilaza mchana, mlango ameufunga. Alisema anasikia baridi. Baridi, Garsen, saa saba mchana, wakati hata mbuzi wanakataa kutoka kivulini! Alijifunika leso mbili na sweta langu la shule juu yake. Sauti ilikuwa imekuwa nzito na ya polepole, ukimuuliza jambo unangoja. Nywele zilibaki kwenye kitana. Yeye aliyekuwa akitutangulia hatua ishirini sasa alipumzika mara mbili kabla ya kufika mtoni. Haya yote tuliyaona kwa macho yetu. Tulichokijumlisha ni unene na magunia tu.

Nasema "tulijumlisha" kwa sababu nami nilikuwemo, na naona haya kuandika hivi. Nilimchunga mama yangu. Nilihesabu matonge yake ya sima, nikaona ni machache kuliko yangu, na badala ya kumhurumia nikawaza: basi anakula wapi? Jumatatu moja alipokwenda mtoni nilifungua fundo la gunia la mahindi nikalifunga upya kwa fundo langu, ili akilifungua nijue. Jumanne fundo lilikuwa vilevile. Jumatano vilevile. Mtoto mwenye akili angefurahi. Mimi nilifikiri amepata njia nyingine.

Waliomwambia walikuwa wanawake wenzake, na walimwambia kwa adabu, jambo ambalo nadhani lilimuumiza zaidi. Alhamisi hiyo walifika mapema. Jirani yetu ndiye aliyesema, macho ameyainamisha.

"Mwenzangu, sisi tunapungua, wewe unaongezeka. Watu wanasema. Hebu pumzika kupima kidogo, mwingine ashike."

Nilingoja mama awake. Mama yangu wa zamani angewaka kabla sentensi haijaisha. Huyu, kwa ile sauti nzito ya polepole, akasema, "Magunia yako ndani. Yahesabuni kwanza." Wakayahesabu. Yote yalikuwepo. Lakini mtu akishaamini jambo, kuhesabu hakumtoshi, kama mimi ambavyo fundo halikunitosha. Walichukua kibaba wakaondoka nacho, na magunia yakahamishiwa kanisani jioni ile. Mama aliingia ndani akafunga mlango, na safari hii nilimsikia akilia.

Wiki chache baadaye alikuja nesi kupima watoto, na mizani yake ya kuning'iniza na utepe wa kuzungushia mkono. Mama alikuwa amesimama mbali, amejikunyata ndani ya sweta langu huku sisi wengine tukitiririka jasho. Nesi akaacha mtoto akining'inia, akamwita. Alimuuliza: unasikia baridi siku nyingi? Choo unapata? Sauti hii ulizaliwa nayo? Alimgusa koo, akabonyeza ngozi ya mguu, kisha akatugeukia.

"Nyinyi mnamwona amenenepa? Huyu mama amevimba. Ni mgonjwa. Mpelekeni Hola apimwe damu."

Hola, nilikompeleka, daktari alikuwa kijana, na alieleza bila haraka. Alisema mbele ya koo, chini kidogo, kuna tezi ndogo, na hiyo ndiyo inayouambia mwili utumie chakula kwa kasi gani. Ya mama ilikuwa imelegea. Ikilegea, moyo unapiga polepole, mwili unashindwa kujipasha joto, tumbo linakuwa zito, na mtu anaongezeka uzito hata akila kidogo. Sehemu kubwa ya uzito huo, alisema, wala si mafuta, ni maji na chumvi ambavyo mwili umeshindwa kuvitoa. Alisema pia kuna watu ambao tezi inakimbia badala ya kulegea, wanakula na kula na bado wanakonda, macho yanatoka na mikono inatetemeka. Mama angemeza kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula, angoje nusu saa, na pengine ingekuwa hivyo maisha yake yote.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Daktari alipomaliza kuandika dawa, hakuinuka.

"Hapo chini pana nafasi. Niandikie kwa Kiswahili kwamba sikuiba."

Daktari alicheka, akanitazama, akaacha kucheka. "Mama, kuiba mimi siwezi kujua. Naweza kuandika kwamba unene huu hautokani na kula."

Mama alilifikiria hilo. "Hiyo inatosha," akasema. "Weka na muhuri."

Alhamisi iliyofuata alikwenda kanisani kupokea chakula kama wengine, akanipa karatasi niisome. Niliisoma mbele ya wanawake wote, nami niliona kila neno linanihusu mimi kuliko wao. Nilipowaeleza pia kuhusu tezi inayokimbia, inayomkondesha mtu, jirani yetu alikaa chini kwenye benchi.

"Macho yanatoka, umesema? Na anakula?"

"Ndiyo, shangazi."

Mke wa mwanawe alikuwa amekonda hivyo hivyo mwaka mmoja kabla, sufuria nzima haimshibishi. Walisema amerogwa, wengine wakasema ana ugonjwa ule usiotajwa, wakamrudisha kwao Kilelengwani. Jirani hakumwomba mama msamaha siku hiyo. Alimwomba ile karatasi, aende nayo Kilelengwani kesho yake. Mama alimpa.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimwambia kuhusu fundo. Sikuweza kuendelea kunyamaza. Mama aliendelea kutembea na bakuli lake.

"Nilijua," akasema. "Lile lilikuwa fundo la mtu asiyejua kufunga hata mbuzi." Akacheka kwa sauti yake nzito, nami nikacheka nikilia, nikafikiri yameisha.

Dawa haikufanya miujiza. Ilichukua miezi. Kwanza alivua sweta. Kisha alianza kunipigia kelele tena, na sijawahi kufurahi hivyo kutukanwa. Uzito ulipungua, si wote, na blauzi ya kanisani ilishonwa upya kwapani. Mke wa mwana wa jirani alipelekwa Hola naye, akapata dawa yake, akarudi nyumbani kwa mumewe, ingawa mama mkwe wake, kwa haya, hata leo hamwangalii usoni vizuri. Msimu uliofuata maji yalipanda. Wanawake walimrudishia mama kibaba chao wakiwa kundi zima, wakasema maneno mengi mazuri, naye akakipokea na kukipangusa kwa leso.

Huwa naenda kumwona kila mwisho wa mwezi. Nyumba ni ileile, sakafu ni ileile, kuna meza niliyomnunulia na viti vinne. Hajawahi kula kwenye meza hiyo. Chakula kikiiva anachukua sahani yake, anatoka, anaketi kwenye kigogo kando ya njia wanapopita watu, anakula taratibu, uso ameuelekeza njiani. Jua likiwaka anakula juani. Manyunyu yakianza anajifunika leso kichwani na kuendelea kula.

Mara ya mwisho nilichoka kumtazama. Nilimfuata nje nikamwambia, "Mama, ni miaka sasa. Hakuna anayekusema. Njoo ule ndani, ni nyumba yako."

Alitafuna, akameza.

"Nikila ndani," akaniambia, bila hasira yoyote, "wewe utajuaje nimekula kiasi gani?"

Niliingia ndani nikachukua sahani yangu, nikarudi nikaketi karibu naye kwenye kile kigogo, na sikuweza kula.