Chai ya Mwalimu wa Urubani

Mwalimu wetu wa urubani huingia kwenye mashine ya mafunzo, ile ya kuigiza ndege bila kuruka, na kikombe cha chai kilichojaa pomoni, akakiweka juu ya dashibodi. Mkanda hafungi hata siku moja. Mimi humtazama kwa jicho la pembeni, maana anaapa kwamba mashine hii na ndege halisi ni shilingi kwa ya pili. Leo nilivuta usukani mpaka kasi ikaisha na mabawa yakashindwa kubeba ndege. Pua ikainama kwa adabu, kama mkwe mpya. Chai haikutikisika.

“Mwalimu, na ndege halisi angani inaanguka hivi hivi?”

“Hivi hivi, mwanangu. Ondoa wasiwasi.”

Lakini mkono wake uliokuwa gotini ulilala ubavu polepole kama ndege inayoangusha bawa moja, kisha ukapinduka ghafla, kiganja juu. Akaniona nikiutazama, akautia mfukoni.