Debe Hajakojoa Tangu Jana

Habari ya msiba ina taratibu zake. Anayekupigia simu hukusalimia kwanza, akakuuliza uko wapi, akakuomba uketi kama umesimama, ndipo akueleze. Binti wa rafiki yangu, yule mzee aliyekuwa na bucha karibu na msikiti pale Kitale, hakufuata hata moja. Alinipigia asubuhi nikiwa nyumbani Bungoma, nimeinama shambani napalilia mahindi, akasema kwa pumzi moja, "Mwalimu, Baba ametuacha leo alfajiri. Tunazika baada ya Alasiri. Na pole kukusumbua, lakini Debe hajakojoa tangu jana asubuhi, na hapa hakuna mtu anajua hiyo kazi." Niliketi chini katikati ya mistari ya mahindi. Nililia, sitawaficha, kwa kuwa mzee yule nilimpenda. Kisha nikatazama saa na kuanza kuhesabu saa za Debe, maana paka asiyeweza kukojoa mwenyewe hapewi muda mrefu. Mkojo ukimjaa unamuua. Mke wangu aliponiona natafuta koti la mazishi mapema namna ile aliuliza nani amefariki. Nikamwambia mzee wa bucha amefariki, lakini ninayemkimbilia ni paka wake. Akaenda kunitafutia kitambaa safi cha mkono.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi si mtu wa paka. Nilikokulia, paka alikuwa mfanyakazi. Alilala ghalani, alikula alichokamata, na akiugua hakuna aliyemuuliza anaumwa wapi. Ng'ombe wetu wote walikuwa na majina, lakini paka aliitwa paka. Kwa hiyo siku niliyoingia kwanza katika ua wa mzee huyu, mtaa wa Tuwan pale Kitale, nilikwenda kama mwajiri. Wakati huo nilikuwa bado nafundisha Kitale, na panya walikuwa wamenitobolea magunia ya mahindi nyumbani, na mtu akaniambia kuna mzee ana paka wengi asiojua la kuwafanyia. Nilimkuta amevaa koti lake jeupe la bucha. Kazi ya kukata nyama alikuwa amekwisha kumwachia mpwa wake, mkono ulipoanza kutetemeka, ila koti hakuliacha. Alilivaa kila siku akiwahudumia paka, na mtaa ukamwita daktari, wachache kwa heshima na wengi kwa dhihaka. Mlangoni aliketi paka mmoja mnene, kifua mbele kama chifu anayesubiri baraza litulie. Nikasema, "Mzee, huyu ananitosha." Alicheka mpaka akashika ukuta. "Umechagua vizuri, Mwalimu," akasema. "Lakini huyo miguu ya nyuma imekufa. Aliangukiwa na gunia la mahindi. Panya akipita hapa wanasalimiana tu." Huyo ndiye Debe.

Wote saba waliokuwa uani walikuwa na kasoro, na mzee alikuwa amewapa majina kwa ukorofi wake mwenyewe. Kipofu aliitwa Taa. Mwenye kifafa aliitwa Stima, kwa sababu kama umeme hupotea ghafla na kurudi bila kuomba radhi. Kikongwe asiye na jino hata moja aliitwa Bibi Harusi. Nilitaka kuaga nikatafute paka mzima kwingine, lakini mzee akanishika mkono. "Kama unamtaka Debe, mchukue. Lakini kwanza ujue kumkojoza. Yeye hawezi mwenyewe. Asubuhi na jioni." Hapo ningeenda zangu, ila mwalimu ni mwalimu, akiambiwa kuna somo hajui huketi. Mzee alimlaza Debe mapajani mwangu, akaniongoza vidole chini ya tumbo. "Kibofu chake ni kama nyanya iliyoiva. Umeipata?" Nikaipata. "Basi sasa toa mkojo." Mimi nimekamua ng'ombe tangu darasa la tatu, na mkono wangu haujui njia nyingine ya kumtoa mnyama kitu cha majimaji. Nilishika, nikabana kwa juu, nikavuta chini. Debe aligeuka akaning'ata kidole gumba, na mkojo ukaruka, ukatua kwenye suruali niliyokuwa nimeivalia mkutano wa wazazi. "Mwalimu," mzee akasema huku anapangusa machozi ya kicheko, "huyu si ng'ombe."

Nilihudhuria mkutano ule nimeketi nyuma kabisa, karibu na dirisha. Wiki iliyofuata nilirudi Tuwan. Nilijidanganya kwamba nimerudi kwa sababu sipendi kushindwa na somo, na kwa kweli hilo lilikuwamo, lakini pia nilikuwa nimependa ule ua wenye harufu ya mapafu ya ng'ombe wanayochemshiwa paka, na yule mzee aliyekuwa akizungumza na paka kama wateja wenye haraka. "Ngoja, Taa, ngoja, wewe si wa kwanza kwenye foleni." Nilijifunza kuipapasa ile nyanya, kuibembeleza kwa ubapa wa vidole, kuielekeza mkiani, na kunyamaza nikisubiri. Kila nilipofika mzee alinyoosha mkono wake unaotetemeka, akaniambia, "Leo fanya wewe, mimi naona mkono unanisumbua." Nilimhurumia. Ilinichukua muda kugundua kwamba mkono huo huo hautetemeki akishika kikombe cha chai.

Nimewaza sana kuhusu paka wale walikotoka. Karibu wote walikuwa paka wa maghala. Mji wa Kitale umejengwa juu ya mahindi, na zamani hukuweza kutaja ghala la mahindi bila paka wake. Mfanyabiashara alimwachilia humo akijua mali iko mikononi mwa mlinzi asiyedai likizo. Kisha zikaja dawa za vidonge zinazofukiza chini ya turubai, yakaja na magunia ya plastiki yasiyopitisha hewa, na paka akawa hana kazi. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Sisi tumefika mahali paka ameondoka na panya naye hana pa kutawala. Mahindi yamehifadhika vizuri, silalamiki, mimi mwenyewe nina magunia hayo. Lakini yule aliyevunjika mgongo akiwa kazini, au aliyelala chini ya turubai siku ya kufukiza akatoka amepofuka, aliachwa nyuma ya soko ajitafutie. Nilipostaafu, nikakabidhi chaki na ufunguo wa kabati, nikatoka langoni na mwavuli wangu, niliwakumbuka. Nilikuwa na pensheni, wao hawakuwa nayo, ila lile swali lilikuwa moja: sasa wewe ni wa nini?

Wako waliomwona mzee kuwa mbadhirifu. Siku moja nikiwapo, mama mmoja anayeuza dagaa wa omena alisimama langoni na beseni kichwani, akamwambia mbele ya majirani, "Wee Mzee, watu hospitali wanakosa dawa, na wewe unapea paka vidonge? Si hiyo ni dharau, bana?" Niliona aibu kwa niaba ya mzee. Mzee alimkaribisha tu. "Mama, hakuna mtu nimenyima kitanda nikampa paka. Ingia, weka beseni chini, nishikie huyu kichwa nimtie dawa ya macho." Aliyeshikiwa ni Taa. Yule mama aliingia kwa hasira, akamshika kichwa kwa hasira, na dawa ilipokwisha kuingia alikuwa bado amemshika, anamuuliza mzee kwa sauti ya chini kama jicho linauma. Nilidhani kisa kiliishia hapo.

Siku hiyo ya msiba nilifika Kitale saa nane mchana. Nje ya nyumba turubai lilikuwa limefungwa, wanaume wameketi kwenye mikeka, maiti imekwisha kuoshwa. Ndugu yake marehemu alinyanyuka kunilaki, akanionyesha mlango. "Karibu, Mwalimu. Maiti iko huku." Nikamwambia, "Nakuja, Mzee wangu. Niruhusu nianze na aliye hai." Nilipita katikati ya waombolezaji na koti langu la mazishi mpaka uani. Debe alikuwa amelala ubavu chini ya benchi, tumbo limekaza, macho yamefumba nusu. Hata hakuniuma. Nilivua koti, nikapiga magoti, na vidole vyangu vikakataa kutulia; kwa mara ya kwanza mkono uliotetemeka kweli katika ua ule ulikuwa wangu. Nilibembeleza, hakuna kitu. Nikabembeleza tena. Binti wa marehemu alisimama nyuma yangu na buibui lake, anashika mdomo, na nilijua kwamba paka huyu akifa leo, binti atakuwa anamzika baba yake mara mbili. Kisha mkojo ukatoka, kidogo, halafu mwingi, ukanilowesha mkono wa shati mpaka kiwiko, na yule binti akaketi chini akacheka na kulia kwa pamoja. Nilipotoka kujiunga na wanaume, ndugu wa marehemu alinusa, akanitazama. "Unanuka kama ndugu yangu," akasema, akanisogezea nafasi kwenye mkeka.

Tulimzika baada ya Alasiri. Mimi Mkristo nilisimama pembeni wakati wa sala, nikatia udongo wangu wakati wa udongo. Tuliporudi, chai ilipokwisha kumiminwa, likaja lile jambo ambalo kila mtu alikuwa analizunguka. Nyumba ni ya kupanga na mwenyewe anaitaka. Binti anaishi Kiminini kwa wakwe zake, chumba kimoja na watoto watatu. Paka ni saba. Ndugu wa marehemu, ambaye si mtu mbaya, alikohoa akasema labda watiwe kwenye gunia wapelekwe sokoni, Mungu ndiye mlezi. Nilitazama kikombe changu. Nilikuwa nimeshaamua juu ya Debe, lakini saba sikuwaweza, na niliona haya kuokoa mmoja mbele ya sita.

Ndipo sauti ikatoka upande wa wanawake. Ilikuwa ya yule mama wa omena. "Taa si wa soko. Taa anatiwa dawa mara mbili kwa siku, na mimi ndiye namtia kila Ijumaa Mzee akiwa msikitini. Huyo ni wangu." Kijana mmoja mwenye tuktuk, ambaye nilidhani amekuja kwa ajili ya pilau, akainua mkono kama yuko darasani. "Stima nitaenda na yeye. Mzee alinifunza kumpea nusu kidonge ndani ya nyama, na akianguka usimshike, unahesabu tu. Alisema mimi pekee ndiye naweza." Mpwa wa bucha akageuka upesi. "Ati wewe pekee? Mimi aliniambia hivyo hivyo kuhusu Bibi Harusi! Kila siku namsagia maini." Mmoja baada ya mwingine, watu ambao hawakujua kwamba wenzao nao wana zamu katika ua ule, kila mmoja na siku yake na saa yake, walikiri. Wa tano alikuwa wa jirani mmoja, wa sita wa fundi cherehani, wa saba wa mwalimu wa madrasa. Kila mmoja alikuwa ameingia kwa kosa lake au kwa ubishi wake, akawekewa paka mapajani, akaambiwa mkono wa mzee unatetemeka. Kicheko kilianza kwa ndugu wa marehemu, kikaenea mkeka hadi mkeka, tukacheka matangani mpaka majirani wakachungulia.

Mzee yule hakuacha wosia, na sikumsikia hata siku moja akimhubiria mtu juu ya huruma. Alijua kwamba anayeombwa kupenda hutoa visingizio, lakini anayeombwa kushika kichwa cha paka kwa dakika moja hushika tu. Sisi wazee tunapenda kulalamika kwamba tukiondoka kazi zetu zitakufa, na mara nyingi zinakufa kweli, kwa kuwa tulizishika peke yetu mpaka mwisho tukajisifu kwamba hakuna mwingine anayeweza. Kama una kitu unachokipenda, mpe mtu akishike leo, akiharibu, arudie, wewe ungali hapo wa kumcheka.

Nilirudi Bungoma na Debe ndani ya kikapu. Mke wangu alimzunguka mara mbili. "Ati hii paka haishiki panya, haitembei, na ni ya kukamuliwa asubuhi na jioni?" Nikamwambia ndivyo. Wiki nzima hakumgusa. Kisha jioni moja nikanyoosha mkono wangu, nikautikisa kidogo, nikamwambia leo unanisumbua, hebu anisaidie. Aliketi kwenye kigoda, akamlaza Debe mapajani, nikamwongoza vidole mpaka akaipata ile nyanya. Akashika, akabana kwa juu, akavuta chini, na leso yake ikalowa yote. "Mama," nikamwambia, na sikuweza kumaliza kwa kicheko, "huyu si ng'ombe."