Wa Mbele Ndiye Huita

Kwa miaka zaidi ya thelathini ya ndoa, Nettie Hadikin hakuwahi kutangulia mteremkoni waliposhuka kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini. Aliyetangulia ni Alex, mumewe. Desturi yao waliirithi kwa wazee wao, Wadukhobori waliohamia Kanada kutoka Urusi, waliokuwa wakiitana hivyo wakiokota uyoga: wa mbele huita "A-uu!", na wa nyuma huitikia "A-uu!" Msituni hamwonani, na chini ya kila msunobari theluji huficha shimo linaloweza kummeza mtu kichwa chini, kimya kimya. Anayeitikia yu hai. Asiyeitikia, mrudie upesi.

Wakati huo hapakuwa na viti vinavyoning'inia kambani kupandisha watu mlimani. Walipanda kwa miguu asubuhi nzima ili washuke kwa skii robo saa, na watu wa kiwanda cha mbao waliwaona wana wazimu. Kisha kiwanda kikafungwa, wakaja wenye fedha zao, wakajenga hoteli na kupandisha viti hadi kileleni. Alex aliajiriwa kupunguza miti ili wateja wapate pa kupenya. Jioni alirudi ananuka utomvu, anajisifu, "Msimu ujao tunapanda tumekaa, mke wangu, kama mabwana." Moyo wake ukasimama mwezi wa tisa, theluji haijaanguka.

Hoteli ilipofunguliwa, Nettie akapata kazi ya kupika supu ya borshi mgahawani, na alipika akiyapa madirisha mgongo. Aliutamani ule msitu mpaka akauchukia. Hakuikosa theluji; alikosa kuitwa. Hilo hakumwambia mtu.

Aliyemtoa jikoni ni Lusha, dada wa Alex, mwanamke asiyejua kunong'ona. Asubuhi moja theluji ilikuwa unga mtupu, hadi mapajani, na mgahawani hapakuwa na mtu. Huko kwao siku ya theluji ya unga kila mtu hukimbilia mteremko; hakuna urafiki, sembuse supu.

"Vua aproni, wifi."

"Nina sufuria jikoni."

"Sufuria haina miguu, utaikuta. Au uzee umeingia?"

"Wewe uliyezaliwa kabla yangu ndiwe unayeniuliza uzee?"

"Basi leo tangulia wewe, tuone."

Viti vikawapandisha hadi kileleni, na Nettie akatangulia kushuka. Unga ulimrukia kifuani, skii zikaelea, magoti yakakumbuka yenyewe. Miti ilipishana kwa ule upana aliopenda Alex, na makovu ya matawi aliyoyakata bado yalikuwa yanatoa utomvu. Akajikuta anacheka. Kisha akasimama kando ya msunobari mkubwa, akatega sikio kama siku zote.

Kimya. Akangoja. Mazoea yana taabu: alikuwa anangoja kuitwa na wa mbele, na wa mbele alikuwa yeye.

Huko juu Lusha naye alikuwa anangoja, mpaka hofu ikamshinda.

"Nettie! We mwanamke, umeingia shimoni? Kaka nimeshamzika, wewe sikuziki! Ita!"

Nettie akafungua kinywa, akaita.

"A-uu!"

Lusha akaitikia, akiuvuta mwisho na kuupandisha kidogo, vilevile alivyofanya Alex. Sauti za kaka na dada zilikuwa za mama mmoja. Machozi yakamtoka Nettie, yakaanza kuganda mashavuni.

Lusha akafika, nyusi nyeupe, anahema.

"Mbona ulikuwa huiti?"

"Sijawahi kuita, wifi. Mimi huwa naitikia."

Lusha akampangusa theluji begani, ingawa hapakuwa na nyingi.

"Haya," akasema. "Ita tena, twende."

Nettie akaita. Lusha akaitikia pale pale, nyuma ya mgongo wake. Nettie hakuondoka. Alibaki ameinamisha kichwa, anasikiliza upande wa mbele, kule chini mitini alikozoea kuitwa na Alex.