Shimo Nililoandika Kavu

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, kabla sijapata nafasi ya kwenda chuo kikuu, nilikuwa mkaguzi wa mbu huko Temeke. Kazi yangu ilikuwa kuingia nyua za watu nikiwa na upawa wa mpini mrefu, kopo la mafuta ya kuulia viluwiluwi, na daftari. Nilichota maji ya kila pipa, kila shimo, kila kifuu kilichotupwa nyuma ya jiko, nikitazama kama mna viluwiluwi. Walipoonekana, mwenye nyumba aliandikiwa amri. Akikaidi, alipelekwa barazani kutozwa faini. Hatukupendwa. Wanawake walipeana habari kutoka ua hadi ua: "Bwana Mbu huyo! Anakuja kuhesabu watoto wa mbu, wa kwake mwenyewe hana!"

Dada yangu mkubwa aliishi katika mtaa niliopangiwa. Alikuwa ameachwa na mumewe, akabaki na binti mmoja wa miaka minne, na alikuwa akijijengea nyumba ya miti na udongo kwenye kiwanja alichopewa kwa sharti kwamba aimalize mwaka ule, la sivyo kingegawiwa mtu mwingine. Kama ilivyokuwa desturi, udongo wa kukandikia ulichimbwa hapo hapo, ubavuni mwa nyumba. Kuta tatu zilikuwa zimesimama masika yalipoingia, na shimo likajaa maji.

Upawa wangu wa kwanza ulitoka na viluwiluwi tele, wakijikunja na kujikunjua. Amri ilikuwa moja tu: fukia. Dada alikuwa akikanyaga udongo kwa miguu, kanga ameifunga magotini.

"Nilifukie kwa udongo upi? Huu niliokwisha kuukandika?" aliniuliza. "Nipe wiki tatu, mdogo wangu. Au utanipeleka na mimi barazani?"

Niliandika: kavu.

Nilijua nilichokuwa nikifanya. Nilidhani ningelimwagia lile shimo mafuta kila juma, na mambo yangekwisha kimya kimya. Lakini mafuta tulipimiwa asubuhi kwa kufuata daftari, na shimo lililoandikwa kavu halikupimiwa hata tone. Juma la kwanza nilipunguza fungu la mashimo mengine. Juma la pili msimamizi alisimama karibu nami, nikaogopa. Juma la tatu sikupita kabisa, kwa sababu niliona haya kulitazama.

Homa ya mtoto ilianza siku chache baadaye. Dada alimwogesha maji ya mwarobaini, akaniambia kwamba joto limepungua, nami nikakubali kuamini. Siku ya tatu nilifika saa nne asubuhi, nikamkuta mtoto chini ya kanga, akifukizwa. Macho yalikuwa yamepinduka, meno yameumana, mwili mzima ukirukaruka. Aliyeshika chetezo alikuwa jirani, mama mtu mzima aliyewazalisha karibu wanawake wote wa mtaa ule.

"Shikamoo, mama. Huyu apelekwe zahanati kwa dresa sasa hivi."

"Marahaba. Akachomwe sindano?" alijibu bila kugeuka. "Hili degedege la shetani, mwanangu. Degedege na sindano havikai mwili mmoja. Wewe kashike upawa wako."

Hakuwa akisema upuuzi wa peke yake. Mtaa mzima uliamini hivyo, na ushahidi waliuona kwa macho yao: watoto waliopelekwa zahanati walipelekwa baada ya kila kitu kingine kushindikana, wakachomwa sindano, wakafa. Nilitambua kwamba hoja zangu za kazini zisingefaa kitu. Nilichuchumaa mbele ya dada.

"Si shetani, dada. Ni mbu wa shimo lako. Niliwaona, nikaandika pakavu."

Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kwa hiyo wewe unajua hiki ni nini."

"Najua."

"Na atapona?"

"Atapona," nilisema. Hilo sikulijua. Nilitaka tu asimame.

Alimtoa mtoto kwenye moshi. Niliwapakia wote wawili kwenye baiskeli, nikapiga pedali katika matope yale kwa nguvu ambazo sijawahi kuwa nazo tena. Dresa alitupokea mlangoni, akamchoma sindano, akafanya yote aliyoweza kuyafanya. Mtoto alikata roho kabla ya adhuhuri.

Matangani nilimweleza kila aliyekuja habari ya lile shimo. Nilitaka mtu mmoja anilaani. Hakutokea.

"Usijitwishe, mwanangu," jirani aliniambia, akinishika bega. "Mbu wangapi wametuuma sisi, tumekufa? Ni sindano ile."

Siku ya nne dada alisema, bila hasira, "Ningemwacha kwenye mafusho angekuwepo. Uliniambia atapona."

Tangu hapo nimesoma, na naweza kueleza hatua kwa hatua kilichotokea katika ubongo wa mpwa wangu. Elimu hiyo haijanisaidia kuishi na jambo moja: kwamba kwa uongo wangu wa daftari nilisamehewa, na kwa jambo la pekee nililolitenda sawasawa nikahukumiwa.

Mwezi haukuisha. Mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwa dada alishikwa na degedege, safari hii mapema, homa ikiwa ya siku moja tu. Huyo angeweza kuokolewa. Nilikimbilia kwao. Mama yake aliponiona alisimama mlangoni na kuuziba kwa mikono.

"Hukutosheka na wa dada yako?" alisema, akaufunga.

Nilimwendea dada. Shimo nilikuwa nimekwisha kulifukia, na alikuwa akikandika ukuta wa nne kwa udongo niliomletea kutoka mbali.

"Twende ukaseme nao," nilimsihi. "Wampeleke sasa, wasingoje kama tulivyongoja sisi. Wewe watakusikiliza."

Hakuacha kazi. "Nikawaambie nini? Kwamba wangu alipona?"

Aliubandika udongo ukutani, akausawazisha kwa kiganja, akainama kuchota mwingine. Nilirudi peke yangu kwenye ile nyumba ya tatu, nikaanza kubisha.